Ugomvi wa Ndoa ya Taifa

Kuna nchi moja, si ya mbali sana wala si hii tuliyomo, ambayo wananchi wake ni wa aina mbili na ziada. Aina ya kwanza ni Wasembe, ya pili ni Wadona, na ziada huitwa Wengineo. Wasembe ni arobaini na tisa kwa mia, Wadona ni arobaini na tisa kwa mia, na Wengineo ni wawili kwa mia. Takwimu hizo hazijabadilika tangu uhuru, kwa sababu kuzibadilisha ni kosa la jinai. Upande mmoja ukizaa kupita kiasi, Wizara ya Mizani ya Watu huwaomba radhi watoto wa ziada na kuwaahidi kwamba watahesabiwa mwaka unaofuata.

Wataalamu wa huko wameandika kwamba tofauti kati ya Msembe na Mdona ni kubwa na ya kale, ila haionekani kwa macho wala haisikiki masikioni, hivyo ni lazima mtu aambiwe. Basi watu huambiwa mapema, kabla hawajaanza kutambaa. Na kwa kuwa kila kitu lazima kigawanywe sawasawa, hospitali ikipata daktari Msembe huletewa na Mdona wa kumpinga. Timu ya taifa ya mpira ina Wasembe watano na Wadona watano, na golikipa hutoka kwa Wengineo, ili bao likiingia kusiwe na mabishano juu ya nani alaumiwe.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani, ambaye ni Msembe, na mumewe Tambwe, ambaye ni Mdona. Walioana kabla ya Machafuko, kwa sababu za kawaida kabisa. Sikudhani alikuwa akiuza uji sokoni, Tambwe akitengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara, na Tambwe akawa anavuka kuja kunywa uji hata siku alizokuwa ameshiba. Kabila hawakuulizana, au waliulizana wakasahau kujibu.

Halafu yakaja Machafuko, na kwa kiangazi kizima watu walikatana mapanga wakiambizana kwamba wanajilinda. Yalipokwisha, Serikali ilitafuta nchi nzima Msembe na Mdona waliokuwa bado wanalala chumba kimoja. Wawili hao ndio waliopatikana wakiwa hai na wenye sura za kupigika picha. Wakatangazwa kuwa Ndoa ya Taifa. Picha yao ikawekwa kwenye noti, kwenye stempu na kwenye mifuko ya mbolea. Wakapewa nyumba ya Serikali yenye bati jekundu, na kila mwaka, Siku ya Kukumbatiana, walisimama katikati ya uwanja wa taifa wakakumbatiana mbele ya Rais kwa muda wa wimbo wa taifa, beti zote.

Walikuwa na mapacha, Kulwa na Doto. Kwa busara ya Wizara, Kulwa aliandikwa Msembe na Doto akaandikwa Mdona, wakapelekwa shule mbili za bweni, wakafundishwa historia mbili za vita vilevile. Wakija likizo walikaa mezani wakitazamana kama watu walioambiwa jambo baya juu ya mwenzao na hawajui waanzie wapi kuliuliza.

Tena palikuwa na Afisa Utangamano. Huyo aliitwa Fumbwe, kijana mrefu mwenye kikohozi, aliyechaguliwa kutoka kwa Wengineo ili asipendelee. Alilala sebuleni kwenye kochi, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha Ndoa ya Taifa haigombani. Sheria ya ndoa hiyo ilieleza wazi kwamba wanandoa hao hawatagombana, na kifungu kilichofuata kikafafanua kwamba kununa nako ni kugombana. Kikohozi cha Fumbwe kiliposikika mlangoni, mume na mke walijua sauti zimeanza kupanda.

Tambwe aliyazoea maisha hayo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mzuri aliyepigiwa makofi mara nyingi mno. Suti zilimkaa, watu walimpisha njiani, na alikuwa amejifunza kutabasamu kama alivyo kwenye noti, kichwa kikiwa kimeinama kidogo kushoto. Akiona baiskeli yenye gurudumu linaloyumba, alitazama pembeni.

Sikudhani hakuyazoea. Hakuwa mtu wa kutulia. Ndani ya nyumba ile alikuwa akitembea kutoka jikoni hadi barazani, kutoka barazani hadi jikoni, akibeba kikombe kisicho na kitu. Maneno aliyokuwa ameyameza kwa miaka yote hiyo yalikuwa yamejaa kifuani, yakimpanda na kumshuka, na usingizini alisaga meno. Daktari Msembe alimwambia ni shinikizo la damu. Daktari Mdona alipinga.

Dawa yake ilikuwa shamba. Lilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto mdogo, na alilinunua mwenyewe kwa pesa za uji kabla hajajua jina la Tambwe. Alipanda magimbi, na pembeni miwa kidogo. Fumbwe alichukia matope, kwa hiyo hakumfuata huko. Akiwa bondeni na jembe mkononi, Sikudhani hakuwa nusu ya kitu chochote. Aliongea na magimbi kwa sauti aliyoitaka, akayatukana yakichelewa, kisha akarudi nyumbani akiwa mtu wa kuweza kukumbatiwa.

Ikatokea shangazi yake akafariki, naye akaenda msibani. Aliporudi, hata kabla ya kupanga nguo kabatini, alichukua jembe akashuka bondeni, kwa sababu msiba ulimwachia mengi ya kuongea na magimbi.

Hakukuwa na magimbi. Palikuwa na katapila la njano, na mahali pa miwa palikuwa pamesawazishwa kama meza. Vigingi vyekundu vilizunguka shamba zima. Mbele yake lilisimama bango, na juu ya bango picha yake yeye mwenyewe na mumewe, wametabasamu. Chini yake paliandikwa kwamba hapo utajengwa Mnara wa Ndoa ya Taifa, na kwamba ardhi imetolewa kwa hiari na familia yenyewe.

Alisimama akasoma neno moja moja, kama mtu anayesoma hukumu. Dereva wa katapila alimtambua, akashuka haraka, akavua kofia, akamshukuru kwa moyo wake wa kutoa. Akamsimulia jinsi hafla ilivyofana siku ile ya makabidhiano, jinsi Mzee Tambwe alivyozungumza hadi Waziri akatoa leso. Sikudhani aliinama akaokota gimbi moja lililokatwa na meno ya katapila, akapanda nalo mlima bila kuvuka darajani. Alipita majini na viatu vyake.

Tambwe alikuwa barazani akinywa chai. Alipomwona mkewe anakuja na tope hadi magotini alijua, kwa sababu alisimama kabla hajaambiwa chochote na akaanza kutabasamu lile tabasamu la noti.

"Baba Kulwa," Sikudhani akasema, "nani alikupa shamba langu ukaligawa?"

Hakupiga kelele. Lakini ilikuwa sauti aliyokuwa akiitumia bondeni, na haikuwahi kusikika mtaani. Fumbwe akatokea akikohoa. Akaomba kwa heshima zote kwamba Mama Taifa ashushe sauti, akaeleza kuwa kutofautiana kwa upole kunaruhusiwa, endapo Wizara itajulishwa kabla. Sikudhani akamtaka akae chini. Fumbwe akakaa chini, na baadaye alipoandika taarifa yake alishindwa kueleza kwa nini.

Tambwe aliomba wakazungumze ndani. Akasema ni heshima kubwa, kwamba hata vitukuu wao watauona mnara ule. Sikudhani aliweka gimbi lile lililokatwa mezani, karibu na birika, akauliza tena swali lilelile, sasa kwa sauti iliyovuka ua. Kule barabarani mtu alisimamisha mkokoteni wake kusikiliza.

Basi habari ikatoka. Ilipofika kwenye kona ya kwanza ilikuwa kwamba mke amemfokea mume. Kwenye kona ya pili ilikuwa kwamba Msembe amemfokea Mdona. Ilipofika sokoni, Wasembe wote walikuwa wamewatukana Wadona wote, na wenye maduka wakaanza kuteremsha milango. Kufikia alasiri Mwenyekiti wa Wasembe alikuwa redioni akieleza kwamba ardhi ya Wasembe imeporwa na Mdona mchana kweupe. Redio ya pili ilikuwa na Mwenyekiti wa Wadona, akieleza kwamba mwana wa Wadona amedhalilishwa nyumbani kwake na ukoo mzima wa kina fulani. Wazee waliokumbuka kiangazi kile walianza kununua chumvi na viberiti. Kwenye stendi watu walitazamana mikono.

Vijana wa Kisembe walikuja hadi getini kwa Sikudhani, wamejifunga vitambaa vichwani, wakamwambia wako tayari kumwaga damu kwa ajili ya shamba lake. Aliwatazama mmoja mmoja. Akawauliza kama wako tayari kulilima. Wakasema hiyo ilikuwa habari nyingine. Akafunga geti.

Usiamini kwamba hakuogopa. Aliogopa sana. Alizunguka nyumba akigusa madirisha, akiwaza Kulwa yuko shule ipi na Doto yuko shule ipi, na nani amekaa karibu na mlango. Alijua kiangazi kile kilianza na jambo dogo kuliko shamba. Kilianza na mbuzi aliyekula nguo iliyoanikwa. Akafikiria kwenda redioni aseme kwamba yote ni uongo, kwamba shamba alilitoa mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Maneno hayo aliyajaribu mbele ya kioo cha kabati, na kila alipofika kwenye "moyo mkunjufu" taya zilimkaza.

Waziri wa Mizani ya Watu, Mheshimiwa Ndulukwa, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na kwa kuwa mama yake alikuwa Msembe na baba yake Mdona, alikuwa Msembe siku za kazi na Mdona siku za sikukuu. Akatoa maelezo marefu kuhusu mshikamano, utangamano, mlingano na muafaka, na alipomaliza ikaeleweka kwamba kesho yake kutakuwa na Kukumbatiana kwa Dharura katika uwanja wa taifa. Watakumbatiana kwa wimbo mzima, redio zote zikitangaza, na nchi itarudi kulala. Sikudhani akauliza kuhusu shamba. Waziri akasema shamba ni jambo la kifamilia na Serikali haiwezi kuliingilia. Sikudhani akauliza katapila ni la nani. Waziri akatazama saa.

Njiani kwenda uwanjani waliketi nyuma ya gari, kila mmoja dirishani kwake, Fumbwe mbele na dereva. Mitaa ilikuwa mitupu na mbwa walitembea katikati ya lami. Tambwe alikuwa amefunga tai vibaya, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Akamnong'oneza mkewe kwamba Waziri alimshika bega mbele ya watu, kwamba kamera zilikuwa tayari, kwamba mtu akishikwa bega namna ile hawezi kusema ngoja nikamwulize mke wangu. Sikudhani alisikiliza hadi mwisho. Fumbwe akakohoa mara moja, kwa mazoea.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wasembe walikaa jukwaa la mashariki, Wadona la magharibi, na Wengineo nyuma ya goli, juani. Kati ya majukwaa walisimama askari, nusu hawa nusu wale, na mwongozo wao ulisema kwamba kila kirungu kitakachomshukia Msembe kilinganishwe na kirungu kwa Mdona. Hakuna aliyeimba. Katika ukimya ule alisikika mtoto akiomba maji, na watu wa pande zote mbili waligeuka kutazama ni mtoto wa upande gani.

Waziri alizungumza. Bendi ikakaa tayari. Sikudhani na Tambwe wakasogezwa hadi kwenye zulia, mbele ya kipaza sauti kilichokuwa kimewekwa ili taifa lisikie hata kukumbatiana kwenyewe. Tambwe akafungua mikono.

Mikono ya Sikudhani haikuinuka. Alitaka iinuke. Alifikiria chumvi na viberiti, alifikiria watoto, akaiamrisha iinuke, nayo ikabaki ubavuni kama mikono ya mtu mwingine. Akamtazama mumewe usoni, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoka msibani hakuona noti. Alimwona fundi baiskeli, amezeeka, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema.

Kipaza sauti kilifanya kazi yake. Swali likaenda hadi nyuma ya goli likarudi.

Tambwe angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amezoea kwamba penye kipaza sauti mtu huzungumza, na akasema lililokuwa karibu.

"Sasa mke wangu, cha mke na cha mume si kimoja? Nikuulize nini?"

Kisha katika jukwaa la magharibi, katikati ya Wadona wenyewe, akainuka mwanamke mmoja mnene mwenye mwavuli. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia redio ya jirani ikisoma jina lake.

"Usikubali, dada," akasema. "Hivyo hivyo wa kwangu alivyouza cherehani yangu."

Mumewe akamvuta gauni akae. Yeye akauondoa mkono wake. Mwanamke mwingine akaitikia kutoka safu ya juu, akasema kwake ilikuwa ng'ombe wa mahari ya binti yao. Kutoka mashariki, ng'ambo ya uwanja, mwanamke mmoja Msembe akapaza sauti kuuliza ng'ombe wangapi, na akajibiwa, na akasema ndiyo, hata yeye. Wakaanza kupaziana sauti juu ya vichwa vya askari, kama watu wanaoongea kutoka kingo mbili za mto. Wanaume wa mashariki wakawaambia wake zao kwamba wanazungumza na adui. Wanaume wa magharibi wakasema vivyo hivyo, kwa maneno yaleyale na kwa wakati uleule, wakasikiana, wakashangaa jinsi wanavyoelewana.

Halafu watu wakaanza kuhama viti. Wanawake wa Kidona walishuka wakavuka nyasi kwenda mashariki kusikia ile habari ya ng'ombe vizuri. Wanaume wa Kisembe, wakiona wamezidiwa, wakavuka kwenda magharibi, wakapishwa nafasi, wakapewa karanga. Mwenyekiti wa Wasembe alibaki peke yake kwenye viti vya heshima akiwaita watu wake, na akajikuta hajui awaite kina nani, kwani hata mkewe alikuwa ameshuka. Wengineo walitoka juani wakakaa kokote walikopenda, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Askari walisubiri amri. Mkuu wao alifungua mwongozo, akaupekua mbele na nyuma, akaufunga, akawaambia wakae.

Hakuna aliyepigwa siku hiyo. Lakini ugomvi ulikwenda nyumbani pamoja na watu, ukaingia kila ua. Nchi nzima ilikuwa ikiulizana swali moja, na majibu hayakufuata kabila. Kulikuwa na wanaume waliokuwa upande wa Sikudhani, nao walikuwa Wasembe na Wadona. Kulikuwa na wanawake waliomtetea Tambwe, hasa mama wakwe. Wizara ikatuma watu kuhesabu nani yuko wapi, wakarudi na hesabu ambazo hazikuingia kwenye visanduku vilivyokuwepo. Mtakwimu mkuu alizisoma mara moja akaomba likizo ya ugonjwa. Na uchaguzi ulikuwa karibu.

Ndipo Waziri Ndulukwa akaja tena kwenye nyumba ya bati jekundu, safari hii pamoja na wenyeviti wote wawili. Walikaa kwenye kochi la Fumbwe, mapaja yakigusana, watu ambao kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kupanda hata lifti moja. Tambwe aliombwa atoke, akatoka, ila hakwenda mbali. Sikudhani aliona kivuli chake chini ya mlango wa korido.

Mwenyekiti wa Wadona alilalamika kwamba ngome zake zimepasuka katikati. Mwenyekiti wa Wasembe alisema kwake ni hivyo hivyo, na kwamba mkewe sasa anamwuliza kuhusu kiwanja fulani. Waziri alikuwa amekonda kidogo. Akazunguka sana kabla hajafika, lakini akafika.

"Mama Taifa, hatukukatazi kugombana," akasema. "Gombana. Ila tunakuomba ugombane kikabila."

Sikudhani akamtaka arudie. Waziri akarudia. Akaeleza kwamba ugomvi wa kikabila una utaratibu wake, bajeti yake na kamati yake ya usuluhishi, na kila mtu anajua akae wapi. Huu wa sasa hauna mwenyewe. Alichohitajika kufanya ni kutamka sentensi moja redioni: kwamba Tambwe alilitoa shamba la mkewe kwa sababu ni Mdona. Akishaitamka, katapila litaondoka siku hiyohiyo, na shamba litarudi mikononi mwake pamoja na mbegu mpya za magimbi. Wenyeviti wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti wa Wadona alisema hatachukia hata kidogo. Atajibu kwa ukali, lakini bila kinyongo.

Sikudhani alinyanyuka akaanza kutembea. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda jikoni, wakamsikia akifungua bomba na kulifunga. Alilitaka shamba lile. Alilitaka hadi viganja vilimwasha. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliota ameingiza mkono udongoni hadi kwenye kiwiko. Na sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na Tambwe alistahili kuumizwa kidogo. Aliijaribu kimyakimya akiwa ameshika karai. Ilikuwa nyepesi kutamka kuliko ule moyo mkunjufu, na hilo ndilo lililomtisha. Akaona chumvi na viberiti. Akaona Doto akirudi shule ya Kidona kusoma jina la mama yake kwenye sura mpya ya historia.

Akarudi sebuleni na kusimama mbele yao.

"Hakulitoa kwa sababu ni Mdona," akasema. "Alilitoa kwa sababu anapenda kupigiwa makofi. Hilo naweza kulisema redioni, mkitaka."

Hawakutaka. Waziri alimkumbusha kwa sauti yake ndogo kwamba basi shamba limekwenda. Sikudhani akasema amesikia. Akawafungulia mlango, akabaki ameshika kitasa hadi gari lao lilipopinda kona.

Serikali haikulala. Ndani ya muda mfupi ikatangaza kwamba Ndoa ya Taifa imestaafu kwa heshima, na kwamba wamepatikana Msembe mwingine na Mdona mwingine, vijana, waigizaji wa michezo ya redioni, ambao kwa usalama zaidi hawajaoana. Watakumbatiana tu. Wenyeviti wakarudi redioni, wakagundua kisima kimoja mpakani ambacho hakieleweki ni cha nani, na polepole watu wakaanza kuitwa tena kwenye viti vyao vya zamani. Wengi walirudi. Si wote: yule mama mwenye mwavuli na yule Msembe aliyeuliza ng'ombe wangapi, nasikia, bado wanatembeleana. Takwimu zilitolewa upya na ni zilezile. Mnara nao ulijengwa hadi kiunoni ukaishia hapo, kwa kuwa wajumbe hawakukubaliana mkono wa nani uwe juu. Shamba halikurudi.

Fumbwe alipewa barua ya uhamisho. Alikunja shuka lake kwenye kochi, akaaga. Tambwe alimpa mkono. Kwa Sikudhani alisimama kidogo, akaonekana anatafuta kikohozi asikipate.

"Mama," akasema, "miaka yote nimekaa hapa nikiwasikia msivyogombana. Nilikuwa silali."

Akaenda zake. Geti likafungwa. Nyumba ya bati jekundu walitakiwa kuiacha mwisho wa mwezi, na masanduku yalikuwa yamepangwa nusunusu sebuleni. Ilikuwa mchana, jua kali, madirisha yote wazi. Mume na mke walisimama pande mbili za kochi tupu, na hakuna aliyekohoa.

Sikudhani akaanza. Alianza na shamba, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, sauti ilipanda yenyewe hadi njiwa wakaruka kwenye paa. Alisema habari ya katapila na ya dereva aliyemshukuru. Alisema habari ya kusomeshwa hisani yake mwenyewe kwenye bango. Tambwe naye akajibu, kwanza kwa lugha ya majukwaani, na mkewe akamtaka aache hiyo, aongee kama mtu, naye baada ya kuhangaika akaongea kama mtu. Akapandisha sauti. Akasema mambo yake ambayo Sikudhani hakuwahi kuyasikia: kwamba hakuna aliyemwuliza na yeye kama anataka kuwa noti; kwamba usiku hurekebisha baiskeli kichwani, spoki moja moja, hadi usingizi umchukue. Mtaani watu walipita. Mmoja alisimama, akasikiliza, akatambua ni ugomvi wa nyumbani, akaendelea na safari yake.

Jua lilikuwa limehama dirisha moja hadi jingine Tambwe alipokaa kwenye mkono wa kochi, ameishiwa pumzi.

"Sikukuuliza," akasema, "kwa sababu nilijua utakataa."

"Ningekataa."

"Na ungekuwa na haki ya kukataa. Nisamehe, Mama Kulwa."

Sikudhani akaenda jikoni, akarudi na glasi mbili za maji, akampa moja. Alikunywa yake yote, akaiweka juu ya sanduku, akavuta kiti akakaa. Alikuwa hajakaa kwenye kiti mchana katika nyumba ile tangu wahamie.

"Haya," akasema. "La shamba tumelimaliza. Sasa tuje kwenye lile la mdogo wako na harusi yake."